Kulungu Anakunusa: Jinsi ya Kutafuta Harufu Yako Inavujia Wapi

Kulungu akikukimbia, usikimbilie kubadilisha sabuni. Jiulize kwanza alikuwa amesimama wapi aliposhtuka, na hewa ilikuwa inakwenda wapi wakati ule. Ukiyajibu hayo mawili kwa uhakika umeshakikaribia chanzo, maana tatizo kubwa la harufu porini ni hewa. Sabuni na nguo ni tatizo dogo linalofuata nyuma. Wawindaji wengi huanzia mwisho. Hununua dawa ya kupulizia, kisha suti, kisha mashine, na msimu unapita huku majike wakiwafokea kutoka kichaka kile kile.

Yafuatayo yamepangwa kwa dalili, yaani kile unachomwona kulungu akifanya. Ni ya mtu anayewinda kwa leseni, ametulia mahali pamoja, juu ya jukwaa lililofungwa mtini au ndani ya kibanda cha kuvizia, kwa upinde au kwa bunduki. Nimemfikiria zaidi kulungu mkia-mweupe wa Amerika Kaskazini, kwa sababu ndiye anayewindwa sana kwa namna hiyo, ila hewa haibagui: kulungu mwekundu wa Ulaya atakukamata kwa makosa yale yale.

Kwanza hakikisha ni pua iliyokukamata

Kulungu hukugundua kwa macho, kwa masikio au kwa pua, na kila kimoja humfanya aonyeshe tabia tofauti.

Aliyekuona hukukazia macho. Masikio yote mawili yanaelekea kwako, anainamisha kichwa kana kwamba anarudia malisho, halafu anakiinua ghafla akitarajia kukuta umejongea. Mara nyingine anapiga chini kwa kwato la mbele ili ushtuke utikisike. Aliyekusikia hugeuza sikio kwanza, kichwa baadaye. Hawa wote wawili bado wana shaka, na kulungu mwenye shaka hupenda kuzunguka hadi afike upande unakoelekea upepo wako ili pua imalize ubishi.

Aliyekunusa hana ubishi wa kumaliza. Husimama katikati ya hatua, pua inapanda, matundu ya pua yanatanuka, na mara nyingi hakutazami kabisa kwa sababu hajui uko mti gani na wala hana haja ya kujua. Kisha anageuka na kurudi alikotoka, taratibu na mkia umelala, au anatimka mbio akifoka kwa pua na mkia mweupe ukiwa juu. Yule wa taratibu ndiye anayewapotosha watu, maana hudhaniwa ameondoka kwa hiari yake.

Basi kipimo cha kwanza ni hiki: kama kulungu alikuwa upande upepo unakotoka, hewa ikitoka kwake kuja kwako, hukunuswa. Labda alinusa nyayo zako, na hilo tutalifikia. Vinginevyo shughulikia mijongeo yako, kelele zako na mavazi yako. Kwenye mavazi kuna jambo linaloingiliana na ufuaji. Macho ya kulungu yana aina mbili za seli za kutambua rangi, si tatu za binadamu, hivyo fulana ya rangi ya chungwa haimsumbui, lakini buluu anaiona vizuri. Sabuni nyingi za kawaida zina king'arisha kinachoifanya nguo irudishe mwanga wa buluu, na alfajiri na magharibi ndipo mwanga huo unapotawala. Ukifua nguo za kuwindia kwa sabuni ya namna hiyo, unanuka manukato na unang'aa kwa wakati mmoja, kisha lawama zote unaitupia pua.

Wanashtuka wakiwa mbali, na wote upande mmoja

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote. Wanaingia kwenye mkondo wa harufu yako, na mkondo huo uko pale pale unapotarajiwa kuwa.

Inafaa kuelewa mkondo huo umetengenezwa na nini, ili usitumaini kuuzima. Jasho linapotoka mwilini halina harufu kubwa. Bakteria wa ngozini, hasa wa kwapani na kinenani, ndio wanaolivunja na kutoa asidi na misombo ya salfa inayotengeneza kikwapa. Miguuni wapo wengine wenye asidi zao. Kuoga kunawapunguza bila kuwamaliza, na saa chache baadaye wamezaliana tena. Ongeza pumzi, mafuta ya nywele na vipande vidogo vya ngozi vinavyopukutika muda wote hata ukiwa umekaa kimya. Mtu aliye hai hawezi kuacha kunuka. Anachoweza ni kuamua harufu hiyo ielekee wapi.

Mkondo unaanza mwembamba ulipokaa na kutanuka kadiri unavyokwenda, na haunyooki. Unapinda na kukatika vipande. Upepo thabiti wa kilomita 12 hadi 19 kwa saa, ule unaofanya majani yacheze bila kupumzika, unaubana mkondo na kukuwezesha kujua pa kuuweka. Upepo wa kilomita 6 hadi 11, unaousikia usoni na majani yakichakacha, bado unafaa. Chini ya hapo, moshi unapoelea tu bila kusukumwa, mwelekeo hubadilika kila mara, na ni afadhali uwe na shaka na kila kitu.

Dawa ya dalili hii ni kuhama. Chora mahali kulungu wanapolala mchana, wanapokula na njia wanazopita katikati, kisha weka jukwaa mahali ambapo mkondo wako unaangukia pasipopitwa na kulungu: ziwani, kwenye genge, uwanja mtupu, kando ya barabara. Jukwaa moja haliwezi kufaa kwa pepo zote. Andaa mahali pawili au patatu, na siku upepo usipokubali mahali fulani, usiende. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu siku za mapumziko ni chache na jukwaa lenyewe ulilipandisha kwa jasho.

Kupanda juu zaidi kunasaidia kidogo. Ukiwa mita 6 au 7 kutoka ardhini, harufu inaweza kupita juu ya kulungu aliye karibu na mti, lakini haijapotea. Inaenda kutua mbele zaidi. Na popote ulipo juu ya mti, vaa mkanda wa usalama uliofungwa mtini tangu hatua ya kwanza ya kupanda hadi ya mwisho ya kushuka.

Programu ya simu inasema upepo ni mzuri, lakini bado wanakunusa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu wanapoanza kuamini kwamba kulungu wana uchawi.

Takwimu za upepo unazosoma kwenye simu kwa kawaida ni za kimo cha mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Wewe umekaa msituni, nyuma ya mgongo wa kilima, karibu na korongo. Utabiri unakuambia hali ya hewa ya mkoa. Hewa ya chini ya mti wako ina mambo yake. Kuna sababu tatu zinazojirudia sana.

Ya kwanza ni vizuizi. Upepo ukigonga mgongo wa kilima unapanda, unapita kileleni, na ukishavuka unajikunja kurudi nyuma kwenye mteremko wa upande wa pili. Aliyekaa kwenye mteremko huo atahisi upepo usoni ukitoka bondeni wakati mawingu juu yanakwenda kinyume. Ukingo wa msitu unaopakana na shamba hufanya vivyo hivyo: upepo wa kutoka shambani unagonga miti, sehemu inapanda juu, sehemu inazunguka papo hapo. Mabonde mawili yanapokutana, hewa zake hupigana na mshindi hubadilika kila dakika chache.

Ya pili ni joto la jua, na hii ndiyo inayowaumbua wengi. Asubuhi jua likipiga mteremko, ardhi inapata joto, hewa iliyo juu yake inakuwa nyepesi na kupanda. Jioni mteremko ukiingia kivulini ardhi inapoa, hewa inakuwa nzito na kuanza kushuka, ikitiririka kama maji: inafuata makorongo, inajaa mashimoni, inakusanyika bondeni. Mabadiliko hayo hayangoji jua lizame. Mteremko unaoelekea mashariki unaweza kuingia kivulini mapema alasiri, na hewa yake ikaanza kushuka wakati ng'ambo bado inapanda. Siku ya mawingu mazito mtiririko huu unakuwa hafifu. Siku kavu yenye anga jeupe na upepo mdogo, ndio unaotawala kila kitu.

Ya tatu ni maji. Kijito chenye ubaridi huvuta hewa kukifuata, na ukikaa mita chache kutoka kwake utakuta harufu yako imeshikwa na kupelekwa chini hadi mahali ambapo kulungu huvuka.

Namna ya kupima ni rahisi na haigharimu karibu kitu. Chukua nyuzi nyepesi zinazobeba mbegu za mimea ya porini, zile zinazopasuka kutoka kwenye ganda likikauka, au sufi iliyochambuliwa hadi ibaki nyuzi moja moja. Zijaze kwenye kikopo kidogo mfukoni. Chupa ya unga laini ni nzuri kwa kujua upepo unatoka wapi, lakini unga unapotea baada ya hatua chache na habari muhimu ziko mbele ya hapo. Unyuzi mmoja utaufuata kwa darubini mita 50 au zaidi ukiwa na mwanga mzuri. Utaona kitu ambacho hakuna programu itakayokuonyesha: unatoka mkononi kwa utulivu kuelekea kaskazini, unapita mti wa pili, unasita, unashuka wima kana kwamba umefika ukingoni, kisha unaingia korongoni na kurudi kusini chini ya miguu yako. Pale ulipogeuka ndipo majike walipokuwa wakifoka.

Achia unyuzi kila baada ya nusu saa, na kila mara mwanga unapobadilika. Andika kwenye daftari tarehe, upepo uliotabiriwa, saa, na unyuzi ulikokwenda. Fanya hivyo hata kabla ya msimu kufunguliwa. Kwangu mimi daftari hilo lina thamani kuliko nguo zote za bei kubwa, kwa sababu linakuambia mapema jukwaa gani linafaa kwa upepo gani na kwa saa gani.

Asubuhi mambo shwari, jioni wanafoka (au kinyume chake)

Ukishayaelewa mambo ya joto, dalili hii inajieleza. Jukwaa la jioni limewekwa juu ya njia ya kulungu, hewa inaanza kushuka, na harufu yako inawashukia. Kwa jioni, kaa upande wa chini wa njia wanayotarajiwa kupita, ili kinachoshuka kishuke kwenda kusikokuwa na mnyama. Kwa asubuhi, baada ya jua kushika mteremko, kaa juu yao.

Tatizo la asubuhi ni ile saa ya kwanza. Gizani na kabla jua halijagusa ardhi, hewa bado inashuka, hivyo aliyekaa juu ya njia anawamwagia harufu hadi mambo yageuke. Ndiyo sababu wengine hupata asubuhi mbaya saa ya mwanzo na nzuri baadaye, wakadhani kulungu wamechelewa kuamka. Ama ingia ukiwa umechelewa kidogo, hewa ikiwa imeshaanza kupanda, au tafuta mahali ambapo upepo wa kawaida una nguvu ya kuushinda mtiririko wa mteremko. Upepo imara huufunika mtiririko huo. Upepo dhaifu unachanganyika nao na kukupa mwelekeo wa tatu usioutarajia.

Anafika vizuri, anashusha pua chini, anarudi nyuma

Tazama ni wapi hasa. Kama pua imeshuka kwenye mstari uliopita ukienda jukwaani, au imegusa tawi ulilolisukuma kwa mkono, hukunuswa hewani. Kakuta harufu uliyoiacha, na inaweza kuwa umeiacha saa kadhaa zilizopita. Kulungu wa namna hii mara nyingi hafoki. Ananyoosha shingo, ananusa jani moja kwa makini, anainua kichwa na kutazama huku na huku, kisha anaondoka kwa hatua ndefu ngumu. Dume mzee hangoji hata kutazama.

Vyanzo ni viatu, suruali inayopangusa majani, na mikono. Kiatu cha ngozi au cha kitambaa kinanyonya jasho la mguu na kulitoa kidogo kidogo kila hatua. Buti la mpira linalofika karibu na goti linazuia zaidi, ilimradi lisivaliwe kwingine. Ukilivaa kwenye kituo cha mafuta, umeharibu kazi yote kwa dakika mbili. Lihifadhi nje ya nyumba na nje ya sehemu ya abiria ya gari, livae ukishafika, suruali ikiwa ndani yake.

Lakini buti ni la pili. La kwanza ni njia. Usitembee juu ya mapito ya kulungu hata kama ni mepesi kwa miguu. Yakatize mahali pamoja tu, panapotazamwa na jukwaa lako, ili anayenusa asimame ukiwa unamwona. Kata matawi ya njia yako kabla ya msimu ili usilazimike kuyasukuma kwa mikono. Pita ndani ya kijito ukiweza. Vaa glavu unapogusa ngazi, kamba, na kamera za porini, na hizo kamera ziendee mara chache, ikiwezekana siku mvua inapotarajiwa. Mvua nzuri huosha sehemu kubwa ya harufu ya ardhini. Unyevunyevu mdogo wa umande, kinyume chake, huifanya ikae na kunukia vizuri zaidi.

Upepo sahihi, njia sahihi, bado wanashtuka wakikaribia

Sasa ndipo pa kuangalia mwili na vifaa. Chanzo cha kawaida ni kutembea haraka. Mtu anaoga vizuri, anavaa tabaka zote za baridi nyumbani, anapanda kilima gizani akitweta, na anapofika jukwaani fulana ya ndani imelowa. Kuanzia hapo kila dakika bakteria wana chakula. Ondoka mapema, tembea polepole, vaa nguo nyepesi hadi usikie baridi kidogo njiani, na koti likae kwenye mkoba. Ukifika, tulia chini ya mti hadi mwili upoe, badilisha fulana, ile iliyolowa ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, kisha upande.

Aina ya kitambaa ina maana. Poliesta inashika harufu ya jasho na kuitoa kwa nguvu kuliko sufu ya kondoo au pamba, hata baada ya kufuliwa. Kwa fulana ya ndani chagua sufu laini. Pamba haifai kwenye baridi kwa sababu ikilowa inakupoza.

Kisha kagua vile ambavyo havifuliwi. Shika kofia yako, igeuze, unuse ule mkanda wa ndani unaokaa kwenye paji la uso. Watu wanaofua suruali kila wiki wana kofia ambayo haijaona maji tangu inunuliwe, na mkanda huo umelowa mafuta ya nywele ya msimu mzima. Vivyo hivyo kamba ya darubini inayokaa shingoni, mikanda ya mkoba, glavu, mto wa kukalia, na mkanda wa usalama, ambao huoshwa kwa kufuata maelekezo ya aliyeutengeneza tu. Pumzi huwezi kuizuia, lakini sigara, kahawa na vitunguu unaweza kuviacha hadi utakaporudi.

Kuhusu kufua hakuna mengi. Tumia sabuni isiyo na manukato wala king'arisha, suuza mara mbili, anika nje, weka kwenye sanduku linalofunga vizuri, na vaa ukishafika porini. Magadi ya kuokea husaidia kwa sababu yanapunguza nguvu ya asidi zile za jasho. Mwage kidogo ndani ya buti usiku. Mashine ya kukaushia nguo iliyozoea karatasi za manukato usiitumie kabisa.

Umenunua suti ya mkaa, au mashine ya ozoni, na hali haijabadilika

Mkaa uliochakatwa una matundu madogo mno ambayo molekuli za harufu hunasa humo. Hilo ni kweli, na ndiyo maana hutumika kwenye vinyago vya gesi na vichujio vya maji. Tatizo ni kwamba matundu yakijaa yamejaa. Viwandani mkaa hurudishiwa uwezo wake kwa joto la mamia ya nyuzi. Kikaushio cha nguo cha nyumbani hakikaribii huko, na kikipandishwa hivyo suti itaungua. Tena suti haifuniki pumzi, na kila unapokunja mkono au kuketi, hewa ya ndani inatoka shingoni na mikononi. Mwaka 2002 yalichapishwa majaribio ya mbwa wa kutafuta watu, wakitafuta watu waliovaa mavazi ya namna hii na wasiovaa. Mavazi hayakuwazuia mbwa. Hali za hewa, ikiwemo kubadilikabadilika kwa upepo, ndizo zilizoathiri kazi yao. Kulungu si mbwa, lakini mwenye akili ataona jambo hilo linaelekeza wapi.

Ozoni, gesi inayotolewa na mashine hiyo, inavunja molekuli za harufu kwa kuziunguza kikemikali. Inaunguza pia mapafu. Nchini Marekani kiwango cha juu kinachoruhusiwa kazini ni sehemu 0.1 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, na kwenye kisanduku au chumba kidogo kiasi hicho hupitwa upesi. Ukiitumia, iwe kwenye sanduku lililofungwa lenye nguo tu, usiwepo, na pafunguliwe papate hewa kabla hujaingiza kichwa. Inaharibu mpira na lastiki, kwa hiyo usiweke buti zako humo, na mkanda wa usalama kamwe. Mashine ya kuning'iniza juu ya kichwa chako jukwaani siipendekezi kwa mtu yeyote.

Umepaka harufu ya kufunika, au mkojo wa kulungu

Harufu ya misonobari, udongo au mnyama mwingine haikufichi. Pua ya kulungu hutenganisha harufu. Atapata msonobari na atapata mtu, vyote viwili. Mkojo wa mbweha ni mkojo wa mnyama mla nyama, na sioni kwa nini umpake kulungu wasiwasi wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mkojo wa jike kama chambo ni jambo jingine, na kosa lake la kawaida ni mahali. Dume akisikia harufu hiyo huzunguka aijie kutoka upande inakoelekea upepo wake. Ukiiweka mbele yako moja kwa moja, upande upepo unakotoka, mzunguko wake utampitisha nyuma yako na ndani ya mkondo wako. Iweke ubavuni, mita 20 au 30 kukatiza upepo, ili mkondo wa chambo na mkondo wako iende sambamba bila kugusana, naye aje kwa ule wa chambo.

Kabla ya yote soma sheria za eneo lako. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, unaenezwa na prioni, yaani protini zilizopinda umbo, ambazo hutoka pia kwenye mkojo na zinadumu ardhini kwa miaka. Kwa sababu hiyo baadhi ya majimbo ya Marekani na ya Kanada yamepiga marufuku mkojo halisi na kuruhusu wa kutengenezwa maabara tu. Hata pasipo na marufuku, mimi ningetumia wa maabara. Chambo kimoja hakistahili kuhatarisha kundi zima.

Mwanzoni walikuja mchana, sasa wanaonekana kwenye kamera usiku tu

Hapa hakuna kosa moja la kutafuta. Kulungu wamejifunza mahali pako. Kila ulipoingia uliacha kidogo, kila ulipotoka gizani ulipita katikati ya waliokuwa wakila shambani, na kila ulipobadilisha kadi ya kamera ulitangaza kwamba bado upo. Kutoka ndiko kunakosahaulika zaidi. Kama jioni inaishia na kulungu kumi mbele ya jukwaa, usishuke; subiri waondoke wenyewe, au panga mtu aje na gari awasogeze, kwani gari halihusishwi na mti wako.

Pumzisha mahali hapo wiki mbili au zaidi, bila kamera, bila kwenda kuangalia. Ukirudi, rudi siku upepo ni sahihi kabisa na uwinde kana kwamba una nafasi moja. Kukaa kwa mara ya kwanza mahali palipopumzika ndiko kwenye matumaini makubwa zaidi.

Kwa dume mzee kuna ugumu wa ziada. Yeye anapenda kulala theluthi ya juu ya mteremko, upande wa pili wa kilele usiopigwa na upepo, mgongo kwenye upepo unaovuka kilele, macho na hewa inayopanda vikimletea habari za bondeni. Anatembea pia akiwa na upepo unaomfaa. Ukingoja upepo ulio sahihi kwako kabisa, utakuwa ule asioutumia. Unachotafuta ni upepo unaomfaa yeye karibu kabisa na kukufaa wewe kwa upana mdogo tu: mkondo wako upite hatua chache pembeni mwa njia yake, na nafasi ya kupiga ipatikane kabla hajaufikia. Hapo nyuzi na daftari vinahitajika kuliko popote, maana upepo ukigeuka kidogo tu umempoteza. Achia unyuzi kila dakika kumi, na ukigeuka mara mbili mfululizo kuelekea njia yake, shuka mara moja kabla hajatoka kitandani.

Na kama daftari linaonyesha kwamba mahali fulani nyuzi huzunguka kila siku, kila upepo, asubuhi na jioni, acha kuparekebisha. Mara nyingi ni shimo kati ya vilima au makutano ya mabonde, na alama za kulungu zimejaa hapo kwa sababu hiyo hiyo: harufu za pande zote zinawafikia. Ng'oa jukwaa, ulipeleke pale njia zao zinapoingia au kutoka hapo, ambako hewa ina mwelekeo mmoja.